Nina milioni moja na nusu na majina tisa ya domeni. Wajuzi, lipi linunuliwe na lipi liachwe?

Segerea_Mwisho

Habari za jioni wakuu,

Mimi ni msomaji wa kimya humu, leo nimejitokeza. Natunza vitabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi Gerezani, na nina milioni moja na nusu ambayo kwa sasa haina kazi. Nisipoipeleka mahali naijua safari yake, itaishia kwenye michango ya harusi.

Mtoto wa mama mdogo anayekaa Sinza ndiye aliyenitia hamu. Tukikutana tu, mahubiri: domeni, yaani jina la anwani ya tovuti, ni kiwanja cha mtandaoni, nunua leo kwa elfu thelathini na kitu, tulia, mwenye shida nayo atakuja na mamilioni. Ananitajia voice.com, iliyouzwa dola milioni 30 mwaka 2019. Nikahakiki mwenyewe, kumbe ni kweli.

Basi nimekaa na daftari, nimetoka na haya: afcontiketi2027.com, sgrdodoma.com, kigamboniplots.com, mikopochapchap.com, bodachap.com, zanzibar-honeymoon-safaris.net, kitengejumla.co.tz, pamojatech.ai. La tisa ni jina la mambo ya kupanda milima ya Usambara, liko mnadani, umri wake miaka 12, dau limefika dola 215. Hilo silitaji kamili, mtaniwahi. Lilikuwepo na la kumi, lina jina la kampuni moja ya simu ndani yake. Huyo ndugu yangu analipenda kuliko yote, anasema nilisajili halafu niwaandikie wenyewe niwauzie.

Naomba mnisaidie: mtu mwenye uzoefu anaangalia nini akiona jina? Na katika haya, wewe ungetoa hela yako kwenye lipi? Naomba kuwasilisha.

---

kobe_wa_mwendokasi

Mkuu weka kwenye mifuko ya uwekezaji ya UTT ulale usingizi. Hiyo biashara ya kusubiri Mzungu akumbuke jina lako ni bahati nasibu yenye nywila.

---

Fundi Seva

Mleta mada, nakujibu kwa urefu kwa sababu umekuja na majina. Wengi wanakuja na "wakuu, domeni inalipa?" halafu hawarudi tena.

Niko Mwenge, nasajilia watu domeni na kuwatengenezea tovuti tangu enzi za intaneti kafe. Ya kwangu ya kuuza ninayo pia, machache. Kwa hiyo nimekaa upande wa muuzaji, na nimekaa pia upande wa anayemtafutia mteja jina, anatajiwa bei, anavuta kiti.

Kwanza tumalizane na ndugu yako wa Sinza. Voice.com haikuuzwa na kijana aliyeotea. Muuzaji alikuwa MicroStrategy, kampuni ya programu ya Marekani iliyojikusanyia majina ya neno mojamoja la Kiingereza zamani hizo wakati hayana wenyewe, na mnunuzi, Block.one, alikuwa amejaa hela za sarafu za kidijitali. Chukua na fb.com. Facebook waliilipia dola milioni 8.5 mwaka 2010, na aliyekuwa nayo ni American Farm Bureau Federation, jumuiya ya wakulima, kwa sababu ndiyo kifupi cha jina lao. Wala hawakuwa wanawekeza, walikuwa wanaitumia. Habari hizo ni za kweli, ila zinakuhusu wewe kama zinavyokuhusu habari za mtu aliyegawiwa shamba Masaki kabla ya Uhuru.

Na hicho "kiwanja cha mtandaoni" kina kasoro moja kubwa. Kiwanja chako cha Chanika ukikisahau miaka mitatu, unakikuta, pengine jirani kasogeza bikoni. Domeni usipoilipia, haipo. Kwa .com, Verisign ambao ndio wenye daftari la majina hayo waliwapandishia wasajili, yaani kampuni zinazokusajilia jina, mpaka dola 10.26 kwa mwaka Septemba 2024, na mkataba wao unawaruhusu kupandisha mpaka asilimia 7 kwa mwaka katika miaka minne ya kila sita. Msajili anaweka chake juu, nawe unatozwa kuanzia dola 11 mpaka 20 hivi. Wengine wanakuvuta na ofa ya dola moja mwaka wa kwanza, wa pili wanakutandika ishirini na mbili. Bei ya kuangalia ni ya mwaka wa pili, maana hiyo ndiyo utakayoishi nayo.

Sasa wewe ni mtu wa vitabu, nishikie hesabu hii. Wanaoifanya kazi hii kila siku wanakadiria kwamba ukiwa na majina mazuri mia moja, kwa mwaka utauza moja au mawili. Majina 100 kwa dola 12 ni dola 1,200, milioni tatu na ushee za kwetu, na mwakani tena, na mwaka wa kesho kutwa tena. Ukauza moja kwa dola 1,000. Soko lililokuuzia likakata asilimia 15 mpaka 25. Umeingia hasara na hujaweka hata vocha. Ili hesabu iweze kukaa sawa, jina moja linalouzwa lazima libebe gharama ya wenzake wote waliolala. Ndiyo maana jina la kuuzwa dola 150 halifai kununuliwa hata kama una uhakika litauzwa.

Mimi kabla sijalipia jina naandika kwenye karatasi biashara kumi zilizopo kweli, zenye ofisi na simu inayopokelewa, ambazo zingekuwa na hali nzuri zaidi zikiwa nalo. Nikifika nne nikaanza kukuna kichwa, nafunga kompyuta naenda kunywa chai. Na siyo kuwepo tu, ziwe zinaumia leo. Kesho ukitoka kazini simama pale Msimbazi usome milango ya Kirikuu na Canter zinazopita. Utaona namba tatu za simu, akaunti ya Instagram na imeli ya gmail. Wenye magari hayo wana mzunguko kuliko mimi na wewe, na hakuna kinachowauma. Mteja wao yuko WhatsApp. Ukimpelekea jina la milioni mbili atakuuliza "hili litaniongezea nini?" na wewe hutakuwa na jibu la kumpa.

Halafu rudi nyumbani uingie Google, andika kwa Kiingereza maneno ya kupanda Kilimanjaro au safari ya Serengeti. Juu kabisa kuna matangazo, na kila likibonyezwa mwenye tangazo anakatwa hela. Huyo anayelipia kila mbonyezo ndiye anayejua thamani ya mteja anayekuja mwenyewe. Mnunuzi wako anafanana na huyo.

Haya, tuje kwenye orodha.

Afcontiketi2027: michuano inakuja kwetu, Kenya na Uganda, sawa. Lakini AFCON ni ya CAF, na tiketi halali wanauza wenyewe. Anayebaki kulihitaji jina hilo ni tapeli wa tiketi. Na lina mwaka ndani yake, Januari 2028 hata bure hulitoi.

Sgrdodoma: treni ni ya TRC, shirika la umma, na watu wa serikali wana mikia yao ya .tz. Hakuna kikao cha bodi kitakachoidhinisha kununua .com ya mtu wa Segerea. Kata.

Lile la kampuni ya simu lifute usiku huu. Humu yupo mwanasheria, ataeleza vizuri kuliko mimi.

Zanzibar-honeymoon-safaris.net linaniuma, kwa sababu umewaza sawasawa. Mnunuzi yupo, hela inatoka nje, mteja mmoja analeta maelfu ya dola. Lakini jina lenyewe umelifunga miguu: maneno matatu, vistari viwili, na mkia wa .net. Bibi harusi akimwambia mwenzake kwa mdomo, mwenzake ataandika bila vistari na ataweka .com, atatua kwa mtu mwingine. Unalipa kila mwaka umtangazie jirani.

Pamojatech.ai: .ai ni mkia wa Anguilla, kisiwa cha Karibiani. Tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa 2022 kila mwenye kampuni anautaka. Lakini usajili wake ni wa miaka miwili kwa mpigo, zaidi ya dola 140, yaani karibu robo ya mtaji wako kwenye jina moja. Na Pamoja imetumika Afrika Mashariki hii kwenye vikundi, vikoba, miradi na maduka mpaka hakuna anayeliona kuwa lake peke yake. Jina ambalo kila mtu analo, hakuna anayelilipia bei.

Mikopochapchap ni tamu kinywani, nakiri. Ila jiulize ni nani atalinunua. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya apu za mikopo zinazofanya kazi bila leseni, na wenye leseni tayari wana majina yao. Atakayekupigia kwa hilo ana uwezekano mkubwa wa kuwa kausha damu. Hela yake utaipokea?

Bodachap: herufi nane, mtu anaandika bila kukuuliza inaandikwaje. Mtihani wangu ni huo, nampigia simu fundi bomba wangu wa Tandale nalitamka mara moja tu, halafu nasubiri ujumbe wake. Hili atalipatia. Lakini wenye mtaji wa kampuni za usafiri wanakuja na jina lao, kwa hiyo juu ya dola mia tatu simuoni mtu. Na nimeshakwambia habari ya majina ya bei hiyo.

Kitengejumla.co.tz: .co.tz ni nzuri kwa mtu anayefanya biashara hapa, mimi nawashauri wateja wangu waanze nayo. Kwa kuuza tena ni mtihani. Mauzo ya .com unaingia NameBio unaona jina fulani liliuzwa lini na kwa bei gani, unapata pa kuanzia. Ya .co.tz mnapatana mkiangaliana usoni, unakwenda mwenyewe mpaka dukani mtaa wa Kongo na Mchikichi. Kama una shangazi anauza vitenge, msajilie alitumie.

Kigamboniplots.com ndilo ningelifikiria. Mahali panapojulikana, kitu kinachouzwa kwa mamilioni, na sehemu ya wanunuzi ni Watanzania walioko Uingereza na Marekani wanaotafuta viwanja wakiwa huko kwa Kiingereza. Biashara saba nimezipata bila kuhangaika.

La Usambara nadhani nimelijua, wiki hii mnadani yamepita machache sana ya huko. Kama ndilo, fungua Wayback Machine, tovuti inayotunza sura za zamani za tovuti nyingine, ulitazame mwaka kwa mwaka. Nimelitazama. Mpaka 2019 lilikuwa la nyumba ya wageni, picha za maparachichi na njia za Lushoto, safi kabisa. 2021 limekuwa ukurasa wa kamari kwa Kiindonesia, miezi kadhaa, halafu kimya. Hiyo "miaka 12" wanayokutangazia imo na hiyo miezi ndani yake. Linki zote zilizoelekezwa kwake wakati wa kamari bado zinalifuata. Usilipie umri, lipia jina tupu, na jina tupu la aina hiyo kwangu halifiki dola 215.

---

Mdau wa Mbezi

Fundi Seva heshima yako, ila umeyabana sana majina ya Kiswahili. Kampuni changa zenye mtaji zinayapenda. Sokowatch walibadilisha jina wakawa Wasoko mwaka 2022, mwaka huohuo walichangisha dola milioni 125. Twiga Foods wa Kenya nao hivyohivyo. Mimi ninayo majina ya neno moja na nusu ya Kiswahili, .com, na simu zinakuja. Dogo akae huko, aachane na vijiji na viwanja.

---

Fundi Seva

Mbezi, hatupingani. Neno moja safi la Kiswahili kwenye .com ni mali, na ndiyo maana yalikwisha kabla ya huyu kijana kumaliza shule. Yanayobaki ni ya kuunganisha, kama hilo Wasoko, na hapo unakisia mtu atakayezaliwa kesho atapenda kuunganisha vipi. Wewe una jicho hilo. Kumwambia mgeni aanze huko na milioni moja na nusu ni kumtuma baharini na ungo.

---

Mama Nargis

Salaam aleikum wanangu. Naongea kama mnunuzi maana humu wote mnaongea kama wauzaji.

Nina kampuni ya utalii, ofisi Upanga, tunapeleka wageni Mikumi na Zanzibar. Tulianza na .co.tz na haikutusumbua mpaka wageni wa Ulaya walipoongezeka. Wao kidole kinakwenda .com chenyewe. Mjerumani mmoja alitutumia nakala za pasi za familia nzima kwenye imeli yenye jina letu la .com, ambayo haikuwa yetu. Ilikuwa ya mzee mmoja Canada, kaweka ukurasa wa matangazo tu. Yule mgeni alipokaa siku nne bila jibu akadhani tumemtapeli, akaandika maoni mabaya. Kuyaondoa ilikuwa kazi.

Mume wangu akasema tubadilishe jina la kampuni. Nikamwambia jina liko kwenye magari, kwenye leseni ya utalii ya TALA, kwenye akaunti ya benki, na mawakala wetu wa Italia wanalijua. Nikamwandikia yule mzee kwa imeli ya kawaida ya gmail, sikusema ni kampuni. Akataka dola 4,500. Tukavutana, tukafungia 1,800. Tulipitia Escrow.com: nikaweka hela kwao, yeye akahamisha jina, nilipothibitisha liko mkononi mwangu ndipo naye akalipwa. Kwa hesabu zetu, familia moja ya watu watano ikija inarudisha hizo hela.

Ninachotaka ni umsikilize Fundi na uongezee hili: nilinunua jina LANGU. Kila wiki naletewa imeli za watu wanaotaka kuniuzia majina ya mtindo wa safari-hiki-zanzibar-kile, wengine wananiambia Google itanipandisha juu. Nafuta bila kufungua. Sina maumivu nayo.

---

Wakili wa Ilala

Nimeitwa huko juu, nimeitika.

Mleta mada, kuhusu jina lenye kampuni ya simu. Tangu 1999 ICANN, wasimamizi wa majina ya domeni duniani, wana utaratibu wa usuluhishi unaoitwa UDRP, na umo ndani ya mkataba unaoukubali unaposajili .com, ule ambao hakuna anayeusoma. Mlalamikaji anatakiwa kuthibitisha mambo matatu: jina lako linafanana na alama yake ya biashara kiasi cha kuchanganya watu, wewe huna haki wala sababu halali ya kuwa nalo, na ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Mojawapo ya vielelezo vya nia mbaya vilivyoandikwa mle ndani ni kulisajili ili umuuzie mwenye alama kwa bei inayozidi gharama zako. Soma tena ushauri wa ndugu yako wa Sinza. Ile barua anayotaka uwaandikie ndiyo kielelezo namba moja, umekiandaa mwenyewe na sahihi umeweka.

Shauri la jina moja mbele ya mwamuzi mmoja pale WIPO, shirika la dunia la miliki ubunifu, mlalamikaji analipia dola 1,500. Kwa kampuni ya simu hiyo ni hela ya vitafunwa. Akishinda unanyang'anywa jina, hulipwi kitu. Na usikimbilie .tz ukidhani umejificha, nayo ina utaratibu wake wa migogoro. Kabla ya kununua jina lolote lenye harufu ya kampuni, tafuta BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwenye majina ya biashara na kwenye alama pia, ni madaftari mawili tofauti. Zanzibar wana msajili wao, BPRA, usiishie bara.

Mama Nargis, wewe ulifanya vizuri kununua badala ya kushtaki. Kama yule mzee alisajili kabla kampuni yako haijawepo, hakuwa anakulenga wewe, na kwenye nia mbaya ungekwama. Ungepoteza 1,500 na jina usilipate.

---

Segerea_Mwisho

Shikamoo Mama Nargis, shikamoo Fundi, na Wakili asante sana. La kampuni ya simu nimelifuta hata kwenye daftari. Ndugu yangu kanuna, anasema mnaogopa hela.

Fundi, baada ya maneno ya Mama nimebaki na swali kwenye kigamboniplots. Anayeuza viwanja Kigamboni ana jina la kampuni yake. Si atanijibu kama Mama anavyowajibu hao wengine?

La pili, kuna jina moja nililisajili mwezi uliopita kwa majaribio, sikulitaja. Juzi nimepata imeli ya mtu anayesema ana mteja wa dola 4,000 yuko tayari, ila mteja anataka kwanza cheti cha tathmini kutoka tovuti fulani, dola 90, nilipie mimi. Moyo umeruka lakini nikasema niulize.

---

Fundi Seva

Marahaba. Nianze na hiyo imeli kabla hujafungua pochi: huyo ni mwizi. Mteja hayupo, tovuti ya cheti ni ya kwake au ya mwenzake. Mnunuzi wa kweli hajali tathmini ya mtu, anakuuliza bei. Ana ndugu yake mwingine atakayekuandikia kutoka China kwamba kuna kampuni inataka kusajili jina lako kwa .cn na wewe kama mwenye haki unapewa nafasi ya kwanza kulipia. Naye futa. Na zile tovuti zinazokupa thamani ya jina kwa kubonyeza tu, za bure, zitumie kujifurahisha. Mashine haijui kama Kigamboni kuna kivuko au kuna daraja.

Kwenye kigamboniplots umeuliza vizuri, na Mama kanipunguzia bei niliyokuwa nayo kichwani. Mwenye kampuni halihitaji kama Mama alivyohitaji la kwake. Anayeweza kulitaka ni mwenye mradi mmoja mkubwa huko, anatangaza kwa walioko nje, anatafuta anwani ya tangazo ambayo mtu ataikumbuka. Wa hivyo ni wawili, watatu. Kwa hiyo lisajili kama unataka, .com hiyo moja, weka bei ya kununua palepale kati ya dola 600 na 900 kwenye ukurasa wake, na lipe miaka miwili. Mwaka wa tatu usilipie. Usije ukalipa dola kumi na mbili kila mwaka kwa sababu tu umeshazoea kulipa.

Hela iliyobaki usiimalize kwa majina. Fanya kazi ya kuangalia: tafuta kampuni zinazokua ambazo jina lao la .com liko kwa mtu mwingine au linakaribia kuisha muda. Halafu soma kinachotokea jina likiisha. Msajili kwa kawaida anampa mwenyewe muda mpaka siku 45 hivi za kulipia kwa kuchelewa. Zikipita, siku 30 za kulikomboa kwa faini, halafu siku 5 za kusubiri kufutwa. Mazuri mengi hayafiki huko, msajili anayatupia mnadani mapema. Ukiona limevuka yote hayo bila mtu kuligusa, watu wenye mashine zinazolinda majina usiku kucha wameliona wakaliacha. Jiulize waliona nini.

Ila kuna mpaka hapo, na Wakili atanisahihisha: kumvizia mwenye kampuni asahau kulipia ndio umuuzie jina lake ni ileile hadithi ya kampuni ya simu. Ninachosema ni yale ya maneno ya kawaida yaliyoachwa na watu waliofunga biashara.

---

Wakili wa Ilala

Hujakosea. Kumvizia mwenye jina lake ni nia mbaya tena ya rangi zote.

---

kobe_wa_mwendokasi

Nasisitiza UTT.

---

Segerea_Mwisho

Kobe umesikika, laki nane inakwenda huko. Mnada wa Usambara nimeuachia, umefungwa kwa dola 260, wa Indonesia na amfuate aliyeshinda. Kigamboniplots naisajili leo. Fundi, nalipia kwa kadi ile ya mtandaoni ya kwenye simu. Kuna cha kuangalia?

---

Fundi Seva

Kadi hiyo inakubali kununua, ugomvi unakuja mwakani. Ukiwasha kulipia kiotomatiki, siku wakija kukata salio ni sifuri kwa sababu kadi hizo watu wanaweka hela ya matumizi ya siku ileile. Wanajaribu tena mara kadhaa, wanakuandikia, imeli inaangukia kwenye taka. Weka tarehe kwenye kalenda ya simu mwezi mmoja kabla, ulipie kwa mkono. Imeli ya akaunti isiwe ya ofisini kwenu Gerezani, ukiacha kazi unaacha na funguo. Washa uthibitisho wa hatua mbili, funga jina lisihamishwe, na ujue kwamba kwa siku 60 za mwanzo huwezi kulihamishia kwa msajili mwingine, kwa hiyo chagua sasa hivi ambaye bei yake ya mwaka wa pili umeisoma.